Ungoje Mbele

Kuna harufu moja ambayo watu wengi huifungia pua, lakini kwangu ni harufu ya nyumbani: samaki mkavu aliyelala juani, pamoja na mafuta ya injini yaliyomwagika kwenye saruji. Hapa Kakuma, ambako ninauza samaki na baba, harufu hiyo hunijia kila asubuhi tunapofungua magunia. Wateja huchagua, hulipa, huenda zao. Mimi hubaki nimeinama kidogo juu ya gunia kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka, na kwa muda huo mfupi ninakuwa tena mtoto kule Lodwar, nimelala kifudifudi ndani ya gereji yetu, shavu kwenye sakafu, nikitazama chini ya geti.

Nitasimulia polepole, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa polepole. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi, na hata huko nilikuwa yule mtoto ambaye mwalimu akimaliza kuita majina humwuliza jirani yangu kama nimekuja, na mimi nimeketi pale pale.

Kabla ya Lodwar tuliishi hapa hapa Kakuma mjini. Baba alikuwa na pikapu moja nyeupe, na aliijengea kibanda cha mabati kilichotazama barabara. Kibanda kilikuwa cha gari kwa jina tu. Kivuli chake kilikuwa cha kila mtu. Wanawake walisukana nywele humo, vijana walicheza drafti kwa vifuniko vya soda, na mbuzi wa jirani walilala chini ya injini wakingoja ipoe. Baba akitaka kutoka alipiga honi kwanza, na honi ile haikuwa ya barabarani, ilikuwa ya kuwainua watu. "Ninyi, mtanifanya niitwe muuaji!" alikuwa akisema, nao walijibu bila haraka, "Enda kwa miguu, samaki hawakimbii." Mimi nilikaa katikati yao bila kusema neno, na hakuna aliyeona kwamba sisemi. Sikujua wakati huo kwamba kukaa kati ya watu wanaoongea ni namna moja ya kuongea.

Biashara ilipokua, baba aliona ni heri tuhamie Lodwar, karibu zaidi na Kalokol na ile ghuba ya Ferguson alikokuwa akichukua samaki. Tulienda kutazama nyumba, mimi nikiwa nimebanwa kati ya mama na mlango wa gari. Nyumba za kwanza tulizoonyeshwa, mtaa wa Kanamkemer, zilikuwa na gereji zilizotazama barabara. Kila gereji ilikuwa wazi kama kinywa cha mtu anayecheka, na ndani ya kila kinywa palikuwa na watu: mama anachambua ndengu, msichana anaruka kamba, mzee amelala kwenye mkeka. Nilizipenda mara moja. Lakini mwenye nyumba, mama mmoja mnene mwenye leso begani, alizunguka pikapu yetu huku akivuta hewa.

"Baba Akiru," alisema, "hii gari yako italala hapa, mbele ya watu?"

"Itaoshwa," baba alisema.

"Hata ukiiosha kwa marashi," mama yule akajibu, "samaki ameshaingia kwenye roho yake."

Ndiyo sababu tulipata nyumba ya aina ile nyingine. Zilikuwa safu mbili zilizopeana mgongo, na katikati yake kichochoro cha magari. Kila nyumba ilikuwa na mlango mzuri uliopakwa rangi upande wa barabara, lakini gereji zote zilikuwa nyuma, geti la chuma likitazamana na geti la chuma. Baba alifurahi sana. "Hapa mbele panabaki safi," alituambia, "gari linaingia nyuma kwa heshima, na samaki wangu hawamkeri mtu." Mama alisimama barabarani akatazama milango ile iliyofungwa, mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza, "Watu wa hapa huonana wapi?"

Hawakuonana. Mtu aliingia na gari kwa kichochoro, geti likalia, likafungwa, basi. Jirani tulimjua kwa sauti ya bawaba zake. Mlango wetu wa barabarani haukupata kazi. Upepo wa Lodwar uliutikisa asubuhi nzima, na mama alipochoka na kelele aliuegemeza kochi kubwa tulilolikuta ndani ya nyumba, zito kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Tangu siku hiyo tulipita gereji, kwa kijimlango kilichokatwa kwenye geti. Nacho pia kilifungwa kwa kufuli nisipokuwa naenda shule, kwa sababu vijana wa bodaboda walipitia kichochoro kwa kasi wakikwepa barabara kuu, na walikuwa wameshavunja mguu wa mbuzi.

Halafu akaja Ata, nyanya yangu, kutoka upande wa Lokichoggio. Baba alimleta kwa pikapu, akamwingiza kwa gereji. Ata alishuka na kigoda chake cha mti, kile tunachokiita ekicholong, akakiweka pale pale kwenye saruji, akaketi, akatazama.

"Ejok," alisalimia ukuta.

Baba akacheka. "Mama, karibu ndani. Hapa ni nyuma. Twende nikuonyeshe mbele."

"Hii mnyama yako imeingia wapi?" Ata akauliza. Pikapu alikuwa akiiita mnyama siku zote, kwa sababu ilikunywa, ilikataa kutembea, na ilileta chakula.

"Imeingia hapa."

"Na mimi?"

"Hapa."

"Basi hapa ndiyo mbele. Boma ni pale mifugo inaingia. Huko kwingine," akaonyesha kwa mdomo upande wa ule mlango mzuri, "hiyo ni mgongo. Umekalisha watoto wangu na mgongo kwa watu."

Kwa Ata jambo lilikuwa limekwisha. Kwake lango la mifugo ndilo uso wa boma, na hangeweza kuishi ndani ya nyumba isiyojua uso wake uko wapi. Mwanzoni tulimcheka. Baadaye tulimfuata bila kujua, maana yeye ndiye aliyeshinda nyumbani mchana kutwa, na neno la anayeshinda nyumbani hushinda. "Mbele" ikawa gereji na kichochoro. "Nyuma" ikawa barabara na ule mlango uliofungwa. Hata baba aliyezisifia nyumba zile nilimsikia siku moja akimwambia mama, "Kuna mtu anauza makaa huko nyuma," na kumbe muuza makaa alikuwa barabarani.

Mchana pikapu ikiwa Kalokol, gereji ilikuwa yangu na Ata. Yeye alisinzia kwenye kigoda. Mimi nililala kifudifudi karibu na geti, kwa sababu chini yake palikuwa na nafasi ya kiganja na hapo ndipo upepo ulipopita. Shuleni sikuwa na rafiki. Watoto wa darasa langu wengi walitoka zile nyumba za gereji za mbele. Walikuja pamoja na kurudi pamoja, na michezo yao ya jioni niliisikia kesho yake kama habari za nchi nyingine. Nisingeweza kuwaambia nataka kuja. Maneno yalifika hapa, kooni, yakaketi.

Siku moja, nikitazama chini ya geti, niliona jicho.

Lilikuwa ng'ambo ya kichochoro, chini ya geti lililotazamana na letu. Jicho moja, na vidole vinne vimeshika ukingo wa chuma. Nilirudi nyuma kwa woga. Nilipotazama tena lilikuwa bado pale.

"Weye," sauti ikasema. "Unalala?"

Nikavuta vidole vyangu ndani.

"Minakuona kila siku. Minafikiri labda ulishakufa."

Nikacheka, na kwa kuwa nilikuwa nimeshacheka nikaona si vizuri kunyamaza. Nikasema jina langu. Yeye aliitwa Faida. Mama yake alikuwa Mkongo kutoka makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, alikuwa akimpikia mwenye nyumba ile, na walilala kwenye chumba kidogo kando ya gereji. Faida alikatazwa kuzurura, alikatazwa kelele, na gari la mwenye nyumba likiingia alitakiwa awe chumbani. Kwa hiyo sikumwona hata geti lao lilipofunguliwa. Nilimjua vipande vipande: jicho, kidevu, kiwiko chenye kovu, kandambili ya bluu iliyoshonwa kwa uzi mweusi. Usiku kabla ya kulala nilijaribu kuviunganisha vipande vile viwe uso mmoja, na kila mara ulitoka uso mpya.

Kuna vitu vingi ambavyo sikuwahi kumwambia mtu nilivyomwambia Faida nikiwa nimelala kwenye saruji. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekuwa akinitazama usoni. Alikuwa mcheshi. Alinicheka nikisema "ndiyo" akanifundisha kusema "njo vile." Mimi nilimfundisha "ejok-nooi," na bodaboda zikipita aliyasalimia magurudumu yake kwa sauti ya juu, "Ejok-nooi, tairi!" Ata alifumbua jicho moja. "Nani anasalimia matairi?" Nikasema ni rafiki yangu. Ata akatazama geti lililofungwa, akatazama geti la pili lililofungwa, akasema, "Hata fuko hupata rafiki, ingawa wote wanaishi shimoni," akasinzia tena.

Tulikuwa na jiwe. Baba aliniletea kutoka kando ya ziwa, jeusi, laini kama sabuni iliyotumika. Nililisukuma kichochoroni likabingirika hadi kwa Faida, naye akalipokea kwa vile vidole vinne. Kesho yake alilirudisha. Ikawa desturi: leo jiwe linalala kwake, kesho linalala kwangu. Lilirudi na habari. Mara lina alama ya mkaa, mara limefungwa ukanda wa kitenge, siku moja lilinukia vitunguu. Ikiwa ni zamu yangu, nililala nalo mkononi, na nyumba ile yenye mgongo kwa watu haikuwa kimya sana.

Halafu jioni moja Faida alichelewa kufika getini, na alipofika hakusalimia tairi lolote.

"Kesho tunaenda," alisema. "Mama amemaliza kazi. Tunarudia Kalobeyei."

Yale maneno yangu yalikuwa yameketi tena kooni.

"Akiru? Unasikia? Gari itakuya asubuhi. Mama amekubali nikuage mbele ya kupanda. Nitaona uso yako!"

"Na jiwe?" nikauliza. Katika mambo yote, niliuliza hilo.

"Iko kwangu. Ntakuletea. Ungoje ku mbele ya kwenu, sawa? Ku mbele. Usikawie."

"Nitangoja mbele," nikasema.

Asubuhi ile niliamka kabla ya upepo. Niliomba nisiende shule nikasema naumwa tumbo. Mama alinitazama, nadhani alijua, akaniacha, akaenda zake sokoni. Nikavaa gauni la kanisani. Nikamwomba Ata jambo ambalo sikuwahi kuliomba: afungue geti lote, si kijimlango, geti zima kama linavyofunguliwa kwa gari. Ata hakuuliza sana. Aliposikia kuna mgeni wa kuaga, alitoa ufunguo shingoni. "Mgeni anafunguliwa lango la mifugo," alisema. "Hapenyi kama kuku." Tukasukuma mabawa mawili ya chuma yakalia hadi mwisho wa kichochoro. Nilifagia saruji. Niliweka kigoda cha Ata mlangoni kabisa, kwa ruhusa yake, nikaketi juu yake nikitazama geti la Faida.

Nilikaa. Jua lilishuka ukutani likafika miguuni pangu. Pikipiki zilipita zikanitimulia vumbi kwenye gauni. Kijana mmoja akapunguza mwendo, "Sistee, unaolewa leo?" akaondoka akicheka. Geti la ng'ambo halikutikisika. Chini yake niliona saruji tupu.

Kisha nikasikia mlango ukigongwa. Ulikuwa ule wa upande wa pili wa nyumba, wa nyuma, ule wenye kochi. Uligongwa polepole, ukanyamaza, ukagongwa tena.

"Ata, kuna mtu nyuma," nikasema.

"Ni upepo. Au mtu wa makaa."

Kidogo ukagongwa kwa nguvu, na nikadhani nasikia sauti. Niliinuka. Nikatazama sebule, nikatazama geti la Faida. Nikiondoka, hata kidogo, na akatoka wakati huo huo? Ataona kigoda kitupu. Ataamini sikuja. Nikaketi tena, nikashika kigoda kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya punda.

"Mgeni wa kweli hagongi mgongoni," Ata alisema.

Kugonga kukakoma. Baadaye, mbali, upande ule ule wa barabara, gari likapiga honi, likaondoka.

Sikulia siku hiyo. Nilingoja hadi mama aliporudi akaniambia nitoke juani. Jioni nililala kifudifudi, na chini ya geti la ng'ambo palikuwa na giza tu. Niliamini kwamba Faida alinidanganya. Amekwenda na jiwe langu. Labda alikuwa akiwaambia watoto wa Kalobeyei kuhusu mjinga mmoja aliyeongea na geti. Shuleni nilizidi kunyamaza. Ata aliniuliza mara moja tu rafiki wa matairi yuko wapi. Nikasema hakuna rafiki. Akanikalisha karibu na miguu yake, akanichana nywele, na hakutaja jambo hilo tena.

Tulikaa katika nyumba ile hadi biashara ilipoyumba na baba akaamua turudi Kakuma. Lori la kutuhamisha lilikuwa kubwa, halikuweza kuingia kichochoroni. "Basi, litakuja nyuma," baba alisema, nasi sote tukaelewa kwamba ni barabarani. Ikabidi ule mlango mzuri ufunguliwe. Wanaume wakalisukuma kochi, wakiguna na kulitukana, na lilipojivuta kando lilifunua mstatili wa mchanga mwekundu ulioingia kwa chini miaka yote ile. Katikati ya mchanga, hatua moja kutoka mlangoni, palikuwa na kitu kimefungwa kitambaa cha kitenge.

Nilijua kabla ya kukifungua. Jiwe lilikuwa baridi. Alilisukuma chini ya mlango, kama tulivyozoea.

Ningependa kuwaambia kwamba nilielewa pale pale. Sikuelewa. Nilielewa kwamba alikuja, lakini nilijiuliza kwa nini alipitia nyuma, kisirisiri, ilhali nilikuwa nimemfungulia lango zima mbele. Jibu nililopata lilikuwa la mtoto mwenye haya. Nilifikiri naye aliona haya. Nilifikiri alikuja kunichungulia akaona gauni langu na vumbi, hakuupenda uso wangu, akaamua kuacha jiwe mlango wa nyuma aende. Nilirudi Kakuma na wazo hilo. Nimeishi nalo muda mrefu. Ni wazo dogo lakini linajua kukaa. Lilinifanya niangalie chini kila mtu mgeni aliponitazama.

Mwaka huu tulipeleka samaki Kalobeyei kwa mama mmoja Mkongo mwenye kibanda cha chakula. Alinipigia simu nikiwa na mzigo. "Ulete ku mbele," alisema. Nikazunguka nyumba, nikaupeleka pale palipoegeshwa pikipiki yao, pale penye geti. Nikaweka gunia chini nikangoja. Nilingoja sana. Mwishowe mama yule akatokea kona ya nyumba, mikono kiunoni, na nyuma yake wateja wake wakinyoosha shingo.

"Weye binti! Minakungoja kule, unaningoja huku! Nilisema mbele!"

"Hapa si mbele?"

"Hapa?" Akacheka hadi akashika ukuta. "Hapa ni nyuma! Mbele ni ku barabara, kwenye mlango. Nani amekufundisha mbele, mbuzi?"

Watu wakacheka. Mimi nilisimama pale na gunia miguuni, na harufu ya samaki ikanipanda puani, na nikasikia mlango unagongwa. Polepole. Kimya. Halafu kwa nguvu.

Alikuwa amevaa vizuri, nadhani. Mama yake alimshika mkono wakazunguka safu nzima ya nyumba, kwa sababu mtu mwenye adabu haagi watu kupitia kichochoro cha magari. Alifika mbele ya kwetu, mbele kama watu wote wa mji wanavyoijua. Aligonga, nami nilikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, mgongo wangu ukimwelekea, nikimngoja kwa moyo wote. Kati yetu palikuwa na sebule na kochi.

Simlaumu Ata. Alikwisha kufa, na hadi leo naamini alikuwa na haki yake: pale mifugo inapoingia ndipo uso wa boma. Ila si kila mgeni amezaliwa bomani. Siku hizi mteja akiniambia ataningoja mbele, mimi humwuliza, "Mbele ya nani?" Wananicheka. Baba husema nimeanza kuzeeka mapema.

Nikienda Kalobeyei hutazama viwiko vya wasichana wa rika langu, natafuta kovu. Sijaliona. Jiwe liko nami, chini ya mto, katika kile kitambaa. Lingepaswa kuwa limerudi kwake siku nyingi. Zamu yangu ya kulala nalo ilikwisha asubuhi ya kesho yake.